Uzi wa Manjano

Fundi cherehani alipowekewa uboho wa dada yake, majirani walimtania kwamba sasa atarithi na domo lake. Miezi minne mambo yakaenda shwari, daktari akaanza kumpunguzia vidonge vinavyotuliza zile chembe za dada mwilini.

Wiki ya pili dada akaja dukani. Alimkazia macho kaka yake, akachomoa uzi wa manjano na kumwekea karibu na jicho, kama mafundi wanavyolinganisha uzi na kitambaa.

“Rangi imekubali,” alisema. “Funga duka, twende hospitali.”

Daktari alisoma vipimo akaguna. “Tulipolegeza dawa, chembe za dada zimelivamia ini. Zinaliona geni. Turudishe dozi, tuzitulize.”

“Mimi tena?” dada akafoka. “Si nimekaa kimya hapa!”

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. “Mama amehangaika miaka arobaini kumtuliza huyu, kumbe kuna kidonge!”

“Haya, nikae kimya,” dada akasema. “Hilo jicho angekuambia nani? Cherehani?”

Fundi akameza kidonge, na maneno yake pamoja.