Njia ya Simenti hadi Namboole

Kitu cha kwanza nilichokiona pale stesheni ya Tororo ni mbuzi. Alikuwa amelala katikati ya reli, miguu ameikunja, anacheua kama mtu aliye sebuleni kwake. Nikajua hapo hapo kwamba treni haiji. Lakini shangazi yangu Acom alikuwa ameshatandika leso sakafuni, amekaa, mkoba mapajani, gauni lake la gomesi la Krismasi limenyooka mabegani. Mimi simpingi mtu mkubwa. Hata mdogo simpingi.

Tulikuwa tunakwenda uwanja wa mpira wa Namboole, Kampala. Mdogo wangu Amoit alikuwa ameitwa timu ya taifa ya wanawake ya Uganda kwa mara ya kwanza, na jioni ile walikuwa wanacheza na Kenya. Alitutumia tikiti mbili na ujumbe: "Dada, nitaanzia benchi. Wakiniingiza nitakutafuta kwa macho kwanza. Nikikuona sitatetemeka."

Ujumbe huo uliniondolea usingizi. Anione vipi katika umati ule? Mimi nauza chai mpakani Busia, na wateja hunywa mpaka wakamaliza ndipo mmoja aseme, "Kumbe ulikuwa hapa?"

Tungepanda basi Busia alfajiri, lingetufikisha. Lakini shangazi alisikia redioni kwamba huko Kampala kuna treni ya abiria inayopita karibu na Namboole.

"Reli ni moja," aliniambia. "Imetoka Tororo, imekwenda Kampala. Hapo katikati itaruka? Mimi nilipanda treni hiyo na kuku wangu kabla mama yako hajajua kuchota maji."

Ndipo tukachukua boda boda hadi Tororo. Sasa mzee mmoja aliyekuwa anafagia stesheni akaegemea ufagio wake akatutazama.

"Mama, mnangoja nini?"

"Treni."

"Ya mwaka gani?"

"Ya leo!"

"Mama yangu, inayopita hapa ni ya mizigo. Ile ya watu iko Kampala huko huko, haifiki huku."

Shangazi akafikiri kidogo. "Basi tupime," akasema. "Leo sisi ni mizigo."

Mzee alicheka mpaka mbuzi akaamka.

Tukakimbia barabarani. Mabasi yakapita, bendera zinapepea madirishani, watu wamebanana mpaka mlangoni, hakuna hata moja lililopunguza mwendo. Nilianza kumwona Amoit kichwani mwangu, anageuza shingo huku na huku, haoni mtu.

Shangazi akaingia katikati ya barabara na gomesi yake, akainua mikono miwili. Lori la simenti likalia breki.

"Wewe mama, unataka nikufungie kwenye mfuko?" dereva akapiga kelele. Kisha akaniona mimi. "Wee! Si huyu msichana wa chai? Kumbe ana miguu!"

Alikuwa Swaliki, mteja wangu wa kila akivuka mpaka, chai ya tangawizi bila sukari. Alikuwa anapeleka mzigo Bweyogerere, na Bweyogerere na Namboole ni majirani. Shangazi alipanda kabla hajaambiwa apande.

"Nilisema usafiri utapita mlangoni pa uwanja," akasema. "Sikusema una magurudumu gani."

Tatizo lilikuwa kiti. Ndani Swaliki alikuwa amepakia mifuko mitatu iliyopasuka, aliyopewa akatengeneze sakafu ya mama yake. Mimi nikakalia hiyo. Kila shimo la barabara, mfuko ulipumua, puu! Joto lilikuwa kali, madirisha yako wazi, na upepo ukatugawia simenti bila upendeleo. Tulipofika Iganga shangazi alikuwa na nyusi nyeupe. Tulipofika Jinja hakuwa na nyusi kabisa.

"Usicheke, Akongo, utapasuka!" akanionya, naye mwenyewe akicheka, mikunjo ya uso inafunguka kama udongo wa kiangazi.

"Na wewe Swaliki uko upande gani leo?" akamuuliza.

"Mama yangu Mkenya, baba Mganda. Mimi niko kama jiwe la mpaka, nakojolewa pande zote."

Lugazi tukakwama nyuma ya malori ya miwa. Redio ikatangaza mpira umeanza. Nikashika dashibodi. Njia ikafunguka, na tukiwa tumekaribia kufika ikawa mapumziko, sifuri kwa sifuri. Mtangazaji akataja walioko benchi, akafika kwa Amoit: "Binti huyu wa kijiji cha Kwapa ana mguu wa kushoto wa ajabu. Amezaliwa nao."

"Damu ya baba yake," shangazi akasema.

Nikaipangusa dashibodi simenti kwa kiganja. Nyuma ya nyumba yetu Kwapa, tulipokuwa wadogo, nilikuwa namfunga Amoit kitambaa mguu wa kulia. Nikimwona ameugusisha mpira, namnyang'anya kikombe cha uji. Alilia, akapiga kushoto, akalia tena, akapiga. Kisha mimi nikatolewa shule nikalee watoto, yeye akaendelea. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kile kitambaa.

Swaliki alitushusha getini, honi inalia mpaka askari wakaziba masikio. Mmoja akatukagua juu mpaka chini.

"Nyinyi mmetoka kaburini?"

"Tororo," shangazi akajibu, akapita.

Jukwaani watu walitupisha wenyewe, wanakusanya nguo zao. Wengine wakadhani tumejipaka makusudi, wakataka picha. Halafu nikatazama ile skrini kubwa, nikaona wanawake wawili weupe kama kuta mpya, mmoja anapunga mkoba, mwingine amejificha uso. Huyo mwingine ni mimi. Uwanja mzima ukacheka. Siku nyingine yoyote ningetambaa chini ya viti mpaka Busia.

Lakini pale mstarini Amoit alikuwa anavua kizibao. Akaanza kututafuta, kushoto, kulia, juu. Macho yakafika kwetu yakasimama. Nani angetukosa? Akaziba mdomo, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Akaingia uwanjani anacheka.

Hakutetemeka hata kidogo. Mpira ukamjia upande wa kulia, akauvuta, akauhamisha, akaupiga kwa kushoto. Wavu ukajaa. Nilijikuta nimesimama juu ya kiti, simenti inanidondoka kama unga wa posho, shangazi amenikumbatia kiuno, mtu nisiyemjua amenikumbatia mguu.

"Jamani!" mtu huyo akapiga kelele. "Mguu huo ameutoa wapi?"

Nikavuta pumzi mpaka tumboni.

"Kwangu!" nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo. "Mimi ni dada yake, na mguu huo nilimfundisha mimi!"