Uso wa Kesar

Iqrar aliamka na uchovu wake na hadi saa hiyo walikuwa hawajaachana. Miguu ilikuwa imemvimba ndani ya viatu, mkanda wa kamera umemchubua shingo, na kila mgeni aliyemwendea bustanini mwa Taj alimpungia simu usoni kama anayefukuza nzi. Zamani watu walipanga foleni kwake. Siku hizi ukipata familia moja inayotaka kupigwa picha ikishika ncha ya kuba kwa vidole, unamshukuru Mungu na kunyamaza.

Ndipo akaitwa pembeni na Bhanwarlal, mzee wa kilemba chekundu aliyekuja na basi la wanakijiji wa Nagaur.

"Kijana, nataka picha na mke wangu."

"Kijana nani, mzee? Magoti yangu ni rika lako. Mlete tu."

"Haji. Kaka yangu yupo."

Iqrar hakuhitaji maelezo. Wanawake wa kule hawafunui uso mbele ya kaka mkubwa wa mume, awe ameolewa jana au ana wajukuu. Na huyo kaka, Moolchand, alikuwa amesimama palepale na fimbo yake kama mlinzi wa benki. Kesar, mke mwenyewe, alikuwa nyuma kabisa, ushungi wa manjano umemfika kidevuni.

"Picha ya harusi, ushungi," mzee akanong'ona. "Za kuozesha watoto, ushungi. Majira ya baridi kaugua, tukadhani anaondoka. Nikatafuta uso wake nyumba nzima. Picha ya ng'ombe wangu ninayo, ya mke wangu sina!"

"Basi mwambie kaka yako asogee kidogo."

"Mwambie wewe! Mimi sijawahi hata kumwomba anipishe mlangoni."

Wakangoja. Jua likawachoma, Moolchand hana habari. Mwishowe kiu ikamshinda, akaenda bombani. Pale pale Kesar akafunua uso apate hewa, akamwona mumewe amebenua kifua mbele ya kamera, akaangua kicheko.

"Simama kama mtu! Umekaa kama gunia la pilipili!"

Iqrar akabonyeza. Mzee mbele, mke mbali nyuma yake katikati ya umati, uso wazi, mdomo wazi, anacheka. Mara fimbo ikasikika inarudi, na ushungi ukashuka.

Iqrar akawaambia watakutana kwenye basi, akajikokota hadi uchochoroni Tajganj, kwenye kiduka cha Shaista, mke wa kaka yake, ambaye ndiye aliyesafisha picha zake zote, akifuta wapita njia wa nyuma, na kuzichapa.

"Karibu, bwana harusi," Shaista akasema bila kugeuka. "Umeparara kama chapati ya juzi."

"Shemeji, nihurumie. Fanya haraka, basi linaondoka."

Akampa kadi ya kamera, akakaa kwenye kigoda, akaegemea ukuta. Alikusudia kumweleza habari ya yule mama. Usingizi ukamwahi.

Alipozinduka picha ilikuwa tayari, ingali na joto la printa. Bhanwarlal peke yake, marumaru zinang'aa, bustani tupu kabisa kama India nzima iko likizo.

"Mama wa nyuma yuko wapi?"

"Yupi, wa manjano? Nimemfuta na wenzake wote. Si ndiyo kazi yangu?"

"Huyo ndiye picha yenyewe, Shaista!"

"Sasa mimi nitajuaje? Umeingia, umekoroma!"

"Na ile ya mwanzo?"

Shaista akashika shavu. "Nimehifadhi juu yake. Kadi nimeshaifuta. Kompyuta imejaa, shemeji, nakwambia tangu sikukuu ya Holi."

Hakuwa na nguvu ya kugombana. Akarudisha kadi tupu kwenye kamera, akachukua ile picha, akaenda mbio za mtu wa magoti mabovu.

Basi lilikuwa limeshawashwa, abiria wamo ndani. Bhanwarlal alikuwa chini mlangoni, na Kesar kando yake, amejifunika. Mzee akaipokea picha kwa mikono miwili. Akaitazama. Akaigeuza nyuma, kana kwamba mkewe huenda yuko upande wa pili.

"Tumemfuta, mzee. Kosa langu. Nililala."

Mzee hakutukana. Ingekuwa afadhali angetukana. Alisema tu, "Haya," akashika chuma cha mlango apande.

"Shuka," Kesar akasema ndani ya ushungi. "Shuka, nimesema. Wewe mpiga picha, simama hapo."

"Kaka yupo dirishani," mumewe akanong'ona.

"Namwona. Ana macho, na ana shingo ya kugeukia kwingine."

Alisema kwa sauti, basi zima likasikia. Juu yao Moolchand alikuwa ameukunja uso, fimbo kati ya magoti. Akamtazama mdogo wake, aliyeshikilia ile picha ya mtu mmoja. Kisha akanyoosha mkono, akavuta pazia la dirisha, taratibu, hadi mwisho.

Kesar akafunua uso. Safari hii hakucheka. Macho alikuwa ameyakaza kwenye kamera kama mtu anayengoja sindano. Nyuma yao hakukuwa na kuba wala bustani, ni bati la basi na vumbi.

Iqrar akapiga, akapiga tena, akapiga tena. Ushungi ukashuka.

Ndani ya basi Moolchand akakohoa. "Tayari?" akauliza nyuma ya pazia.

"Tayari, kaka," Bhanwarlal akajibu.