Moja Tu, Nani Atajua?

Usiku wa kuamkia leo niliota nimerudi kwenye njia ya miguu ya pwani, kule nilikochuma maua jana, na mkasi wangu mkononi. Masika yamekwisha, maua ya mwituni yametapakaa mpaka mchangani, ya njano na ya zambarau. Mimi ni mpambaji wa harusi, na saa nne Zuwena, mtoto wa kaka yangu, anaingia ukumbini. Maua ya plastiki ameyakataa katakata.

Kibao cha njiani kikakohoa. "Usichume. Anayechuma ua atashika zamu yake."

"Moja tu," nikakiambia. "Nani atajua?"

Nikalikata kwa mshazari, kama tukatavyo sisi mafundi, ili bua linywe maji vizuri.

"Haya, Bi Riziki," kibao kikasema, wala hakikukasirika. "Zamu imeanza."

Nainua mguu, wapi! Nyayo zimetoa mizizi.

"Jamani, mimi nina harusi!"

"Nalo lilikuwa na miadi na nyuki."

Nyuki mwenyewe anafika, ana daftari kwapani. "Mama, chavua unayo?"

"Sina. Nimejifukiza udi."

Akaandika kwamba sifai, akaenda zake. Niliona aibu, wallahi, kudharauliwa na mdudu.

Mara njia inapita katikati ya ukumbi. Zuwena ameketi jukwaani, nyuma yake ukuta mtupu, wanja unamchuruzika. "Shangazi yuko wapi?" analia. Nipo hapa, hatua tatu tu! Napiga kelele, lakini nani husikiliza ua?

Wageni wananizunguka na simu zao. Mmoja ananikanyaga kidole apate picha nzuri. Nyuma yake wako arobaini, wote wanapenda mazingira. Fulana zao zimeandikwa hivyo.

Mama mmoja mwenye dera la kijani anatoa mkasi, anakagua misuko yangu kumi na miwili niliyosukwa kwa ajili ya harusi.

"Mmoja tu," anasema. "Nani atajua?"

"Mama wee, nitajua mimi!"

Nikaamka. Kumekucha, na Zuwena anagonga mlango. "Shangazi, maua tayari?"

Nikajipapasa kichwa. Misuko kumi na mmoja. Wa kumi na mbili niliukuta kwenye ndoo, umekatwa kwa mshazari, umesimama katikati ya maua yangu ya jana, unakunywa maji.