Kijiti cha Nyumba ya Mwinyi Zahidi

Usingizi unamkuta Mbwarali juani, saa saba za mchana, amekaa kwenye kizingiti cha gofu la nyumba ya Mwinyi Zahidi na jembe mapajani. Watu wa Shungwani watakwambia alisinzia kwa uchovu. Mimi nasema mtu aliyefiwa na mama alfajiri hasinzii, huchukuliwa. Mama yake, Mwana Mishi, amekwisha koshwa, anangoja kaburi. Aliacha usia mmoja tu: azikwe ndani ya ukuta wa gofu hili, si kule nje kwenye majivu ya tanuri za chokaa walikotupwa wazee wake bila hata jiwe la kichwani. Na Bwana Shaibu, mrithi wa gofu, alicheka asubuhi mbele za watu. Babu zako walibeba maji, Mbwarali. Tangu lini mbeba maji akazikwa kisimani? Lete ushahidi kwamba mna haki humu kabla ya alasiri, ama umpeleke kwa wenzake. Ushahidi, anasema. Kibao pale mlangoni kinasema nyumba ilijengwa na Mwinyi Zahidi miaka mia sita iliyopita. Ilijengwa na yeye. Kana kwamba Mwinyi alizamia tumbawe kwa pumzi zake, akalichoma likawa chokaa, akakata boriti mikokoni na tope limemfika kiunoni. Mwana Mishi alikuwa akisema fundi mkuu hukata kijiti kwa urefu wa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole, nyumba nzima ikapimwa kwacho, na siku ya kumaliza hukificha ukutani ili isijengwe nyingine ya kipimo kile. Fundi wa nyumba hii, alisema, alikuwa babu wa ukoo wao; alikificha wapi, hakuna ajuaye. Mbwarali anafumba macho, na badala ya yeye kuvuka kizingiti, kizingiti kinamvuka yeye.

Ndani, nyumba ni nzima. Paa lililoanguka kabla ya babu wa babu yake liko juu, boriti zimepangwa, zanuka magome mabichi. Ukuta wa nje hauna dirisha, una matundu membamba ya mishale tu, na njia inaingia, inapinda, inapinda tena ili adui asione ndani, na Mbwarali anapinda nayo, ua, chumba, chumba nyuma ya chumba, vyembamba vyote kwa kuwa boriti haifiki mbali zaidi, kisha ua tena, uleule, na kisima kilekile. Anachungulia kisimani, anaona mji umesimama kichwa chini, watu wamejaa mitaani, hawana nyuso. Anageuka, wako naye. Nyuso zimelainishwa kama ukuta uliopigwa lipu, hakuna jicho, hakuna kinywa, na bado wanasema. Mikono yao ni myeupe hadi kiwiko. Anamuuliza wa kwanza chumba cha Mwinyi kiko wapi. Aliyelala humu hakuinua jiwe, anajibiwa, na aliyeinua jiwe hajalala bado. Anamuuliza wa pili kijiti kiko wapi. Huyo anamwambia akamuulize Shaibu, si ndiye mwenye nyumba, na wenzake wanacheka, kicheko kinazunguka vyumbani na kurudi kupitia mlango mwingine kabla hakijaisha. Anatembea, na ua unarudi, na kisima kinarudi. Kisha anatokea mwanamke, uso mtupu, ananuka karafuu maiti, na sauti yake ni ile iliyomwita Mbwarali kula maisha yake yote. Mwanangu, kila aingiaye humwinamia fundi asijue. Inama. Mbele yake uko mlango wa chumba cha ndani kabisa, mfupi, haupitiki mtu akiwa wima. Anainama, na katika kuinama anaelewa, anatia mkono juu ya mlango, ndani ya chokaa ambayo haijakauka.

Anazinduka. Jua, jembe, kizingiti. Jeneza linaingia mabegani mwa watu, Shaibu mbele, anauliza umeleta nini. Mbwarali anainuka. Anakwenda kwenye ule mlango mfupi wa ndani, uliosimama mpaka leo, anagonga juu yake kwa mpini hadi lipu inameguka, anapenyeza mkono, anatoa kijiti cheusi. Anakilaza mkononi mwake: kiwiko hadi ncha ya kidole, sawasawa. Anakilaza mlangoni: mara mbili, haibaki hata nafasi ya kucha. Shaibu anakichukua, anajipima kimyakimya, kwake kinazidi vidole vitatu. Anakirudisha, anawageukia wachukuzi. Mzikeni humu.

Mbwarali anachimba. Anashukuru kwamba udongo ni wa baridi, kwamba mgongo hauchomwi na jua, na hapo jembe linasimama mkononi mwake. Kivuli hiki kinatoka wapi. Anainua macho taratibu. Boriti ziko juu, zote, zanuka magome mabichi. Anawageukia wachukuzi wa jeneza awaulize, na hakuna anayemtazama, maana hakuna mwenye jicho. Mkono wake ni mweupe hadi kiwiko. Chimba, mwanangu, inasema sauti kutoka kwenye jeneza, alasiri inaingia. Naye anachimba, maana upande wowote atakaoamkia, mama atakuwa amezikwa ndani.