Tuta la Stesheni ya Mtandala

Stesheni ya Mtandala, mbele kidogo ya Mbingu ukitoka Ifakara, ilijengwa pamoja na reli miaka ya sabini. Nyumba moja ya matofali: ukumbi wa kusubiria katikati, dirisha la tiketi kushoto, ofisi ya stesheni masta kulia. Mbele yake jukwaa la saruji, kisha reli mbili, moja ya kupita na nyingine ya kupishana. Jukwaa lilikuwa fupi. Treni ya wenyeji ilipoongezewa mabehewa, lile la mizigo, la mwisho kabisa, likawa linasimama kwenye majani, mlango wake usawa wa kifua cha mtu.

Hapo ndipo alipoanguka Klementina, mama aliyekuwa akipeleka ndizi Ifakara. Alikuwa anapanda na mkungu begani, treni ikashtuka, akavunjika mkono.

Bado amefungwa plasta, akaenda kwa Shilinde, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia pale na ng'ombe wake.

"Baba, niazime mkokoteni wako. Tunataka kujaza udongo pale, tupate pa kukanyaga."

"Pale relini? Si watatufunga?"

"Watufunge wote, basi."

Shilinde akaleta mkokoteni, akina mama wakaja na majembe na makarai. Siku ya pili stesheni masta, Egidius, akatoka ofisini.

"Mama Klementina, hebu acheni kwanza. Udongo ukiingia kwenye kokoto, maji yatatuama na reli itatitia. Treni ikianguka hapa, mtafurahi?"

Klementina alikuwa amejiandaa kugombana. Akazitazama kokoto chini ya reli.

"Sasa tufanyeje?"

"Nitamwita injinia."

Injinia akaja na kiberenge, kile kigari cha reli, kutoka Mlimba. Akalikanyaga tuta, akainama, akawaambia walisogeze nyuma, wapange mawe upande wa reli, na pengo kati ya tuta na behewa walivuke kwa ubao utakaoondolewa kabla treni haijaondoka. Egidius akakubali kuusimamia ubao yeye mwenyewe.

Siku ya kwanza Klementina alipoingia behewani wima, mkungu kichwani, alicheka peke yake mpaka wenzake wakamshangaa.

Mwaka tisini na saba, asubuhi moja, treni ikaja na behewa la mizigo mbele, nyuma tu ya kichwa cha treni. Akina mama waliokuwa wamejipanga kwenye tuta wakakimbia na mizigo yao hadi kwenye jukwaa la saruji.

"Ndiyo utaratibu mpya?" Klementina aliuliza, anahema.

"Ndiyo, mama. Hata mimi nimeambiwa leo," alisema Egidius. "Pole. Mlihangaika sana. Mkitaka, nitaomba vijana walifukue lile tuta, mchukue mawe yenu."

Klementina alifuta jasho. Akageuka kutazama nyuma. Behewa la mwisho sasa lilikuwa la abiria. Bibi mmoja mwenye fimbo alikuwa anashuka pale kwenye tuta, taratibu, bila kushikwa na mtu.

"Liache," alisema. "Ila umwekee bibi yule kitu cha kushikilia."

Akapanda, akaketi juu ya ndizi zake.