Kifo cha Lusesa

Mwalimu Telesphori alimuua Lusesa Jumamosi moja asubuhi, baada ya kufua mashati yake bila sabuni. Aliandika sentensi ya mwisho, akaweka kalamu chini, akasubiri uchungu. Haukuja. Shujaa aliyemlea miaka yote ile alikuwa amekufa mezani pake, na yeye alichofikiria ni kwamba mashati hayatakati.

Mtu asiyemjua Lusesa enzi zile hakuwa mtu wa Shinyanga. Lusesa alikuwa mtoto wa mfua chuma, mwenye panga lililofuliwa kwa jiwe lililodondoka kutoka mbinguni. Alipigana na Joka la Bwawa la Chumvi akalikata ulimi. Alimvua taji Malkia wa Vivuli. Alivuka Nchi Isiyo na Jua akiwa amempanda pundamilia kipofu. Haya yote yalikuwa kwenye vitabu vyembamba vyenye jalada jekundu, alivyovipiga chapa Pantaleo kwenye mashine yake kuukuu nyuma ya soko, na kila kimoja kiliishia pabaya kwa makusudi: shujaa ananing'inia shimoni, kamba inakatika, mwisho. Watu walikaa mwaka mzima wakimlaani mwalimu. Wanawake wa mtaa wa Kambarage walimsimamisha njiani na ndoo zao kichwani ili wamgombeze, na yeye alipenda sana kugombezwa namna ile.

Halafu Anisia, mkewe, akaugua mapafu. Ilikuwa miaka ile ya foleni, ambapo sukari ilionekana mara moja moja na sabuni ikawa kitu cha kusimuliwa. Hospitali walimpokea mgonjwa vizuri, wakampa kitanda, wakamwambia mwalimu dawa hakuna, akaitafute mwenyewe. Alipanda treni kwenda Mwanza, akahangaika, akaipata. Aliporudi nayo, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Aliuliza mkewe alikufaje, kama alisema neno, kama kulikuwa na mtu karibu. Muuguzi alimwonea huruma, lakini alikuwa wodi nyingine saa ile, na hakuwa na la kumwambia.

Tangu siku hiyo mwalimu hakuweza tena kuandika mtu akiokolewa. Kila Lusesa alipoinua panga, Telesphori aliona aibu kwa niaba yake. Kwa hiyo Pantaleo alipomwambia karatasi iliyobaki inatosha kitabu kimoja tu, na nyingine haijulikani itatoka wapi, alishukuru kimoyomoyo. Nyuma ya kitabu kilichotangulia alikuwa ameshatangaza kwa herufi kubwa: KITABU CHA MWISHO NI KIFO CHA LUSESA. Sasa alikuwa ametimiza ahadi.

Kabla hajaupeleka mswada kwa Pantaleo, mwanamke alibisha hodi. Alikuwa amembeba mgongoni mtoto mkubwa, wa umri wa kwenda shule, miguu inaning'inia chini ya kanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu ndani. Umetoka mbali?"

"Natoka Kagongwa. Lori la pamba limenifikisha Isaka, nikapanda treni. Mimi ni Mbuke, mama Lusesa."

Mwalimu alicheka, akidhani ni utani. Mbuke hakucheka. Alimshusha mtoto kwenye mkeka, akamfunika, akaanza kueleza kwa Kiswahili chenye uzito wa Kisukuma, akichagua maneno.

Mtoto yule, tangu azaliwe, alikuwa analia. Anakataa ziwa, anakauka mwili. Wakaenda kwa mfumu, mganga wao, naye akaona mara moja kwamba mtoto anadai jina. Jambo hilo kwao si geni. Mzimu wa ukoo unataka kukumbukwa, mtoto analia mpaka apewe jina lake. Wakampa la babu yake, akalia. Wakampa la bibi, akalia. Wakachinja mbuzi, wakamwaga pombe, wakawamaliza wafu wote wa nyumba zote mbili.

"Wakati ule baba yake, Nkwabi, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kujifunza kusoma, darasa la watu wazima," alisema Mbuke. "Jioni anasoma kitabu chako kwa sauti, anakwama, anarudia. Akafika kwenye jina la Lusesa. Mtoto kimya. Akarudia jina. Mtoto akanyonya."

"Lakini mama, Lusesa si mzimu wa mtu. Nilimtunga mimi, hapa, kwenye kiti hiki."

"Tunajua. Hata mfumu tulimwambia. Akasema jina limemkubali, basi, msilichezee. Yatakayompata mwenye jina yatampata na mtoto."

"Na mkakubali? Mtu kila siku anapigana na majoka!"

"Hajawahi kushindwa," alisema Mbuke. "Ndiyo maana hatukuogopa."

Mbuke akaendelea. Nkwabi sasa alikuwa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, na jioni aliwasomea wachimbaji wenzake. Siku moja akasoma lile tangazo la nyuma. Aliacha shimo lake, akaja nyumbani mbio kumwambia mkewe, kisha akarudi siku ya pili yake, maana shimo likikaa bila mtu lina mwenyewe mwingine. Tangu hapo mtoto alianza kukohoa.

"Usimuue, mwalimu. Nimekuja kukuomba hilo tu."

Telesphori alikuwa Mkatoliki wa Ushirombo, mwana wa katekista, na alikuwa na majibu tele ya mambo ya mizimu. Alifungua kinywa ayatoe. Mtoto akakohoa, na mwalimu akakifahamu kikohozi kile; alikuwa amelala nacho chumba kimoja miezi mingi.

"Mpeni jina jingine," alisema kwa unyonge.

"Lipi? Yote aliyakataa."

Mtoto alikuwa amefumbua macho, anamkodolea mwalimu. "Yule pundamilia," aliuliza, "macho yake yatapona?"

Hapo mwalimu akainuka, akachukua sura ya mwisho mezani, akaiweka mbele ya Mbuke. Akasema ataandika nyingine, Lusesa ataishi, na hii aichome mwenyewe kama itamtuliza. Mbuke aliyatazama makaratasi asiyojua kuyasoma, hakuyagusa.

"Nisomee kwanza. Siwezi kuchoma kitu nisichokijua."

Walimhamishia mtoto uani, kivulini, asisikie. Mwalimu akasoma. Lusesa ameshuka kwenye shimo refu kumfuata Mla-Nuru, mnyama anayekula mwanga wa macho ya watu, na shimo limeporomoka juu yake. Mwalimu akafika mwisho: "Lusesa aliita. Aliita kwa jina kila mtu aliyempenda, mmoja baada ya mwingine, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo asikilize. Hakuna aliyekuja."

Mbuke alisikiliza bila kutoa chozi. Kisha alichukua makaratasi, akayatia kwenye jiko la mkaa moja moja mpaka yakaisha, na kwenye moto huohuo wakampikia mtoto uji. Alikunywa wote. Mama yake alimtazama mwalimu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Ule mwisho mpya mwalimu aliuandika kwa haraka, akiuma meno. Lusesa alitoka shimoni alfajiri, Mla-Nuru akiwa mfu begani kwake, na mwanga wote ulioliwa ukarudi kwa wenyewe. Pundamilia naye aliona. Ulikuwa uongo mtupu, na Pantaleo aliupenda mno. Alibadilisha jalada usiku na mchana, akaliandika *Lusesa Arudi Nyumbani*, na vitabu vikaisha kabla wino haujakauka vizuri. Watu walikuja kumshika mwalimu mkono. Wanawake waliokuwa wakimgombeza walimletea karanga. Yeye alipokea, akitazama chini.

Lakini lilimpata jambo ambalo hakulitegemea: alianza kungoja. Treni ikiingia alikwenda stesheni, akauliza abiria wa Isaka kama kuna mtu wa Kagongwa, kama kuna anayemjua Mbuke, kama mtoto hajambo. Mmoja alimwambia amemwona mtoto akichunga ndama. Mwalimu alirudi nyumbani akiimba. Yeye, mwana wa katekista, alikuwa anaamini kwamba amemponya mtu kwa kalamu, na hakuona haya. Alikaa mezani akafikiri kwamba labda na Anisia kulikuwa na namna ya kumwandika, ila yeye alichelewa kuijua.

Mbuke alirudi pamba ilipokwisha kuvunwa. Alisimama mlangoni bila mzigo mgongoni, na kichwa amenyoa.

"Shikamoo, mwalimu."

Telesphori alimvutia kiti. Mbuke akakaa kwenye mkeka, palepale alipomlaza mtoto.

"Kikohozi kilirudi," alisema. "Nikasikia zahanati ya mjini wameletewa dawa. Nikamwacha na wifi yangu, Generoza, nikaenda. Nilisimama foleni, nikaipata kweli. Nimerudi nayo mkononi, nakuta watu wamekaa nje."

"Pole, mama," alinong'ona mwalimu. "Pole sana. Nilidhani..." Hakumalizia. Alichodhani sasa kilimtia aibu.

"Sikuja kukulaumu. Uliyoahidi uliyafanya. Nkwabi alipokuja alitusomea kitabu, mtoto alifurahi, alicheka kwa yule pundamilia. Baada ya mazishi baba yake alikisoma tena peke yake, akakitupa chooni." Mbuke aliinamisha kichwa. "Mimi nataka kile cha kwanza. Kile tulichokichoma."

"Mama Lusesa, kwa nini unataka kile?"

"Hakuna aliyekuwepo, mwalimu. Generoza alikwenda kisimani, kurudi akamkuta ameshakata roho. Nimemuuliza kila mtu. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Wewe peke yako ndiye uliyeandika Lusesa anavyokufa. Niambie, ilikuwaje?"

Mwalimu alitaka kumwambia kwamba hakuona kitu. Kwamba sura ile aliitunga kwa sababu na yeye aliuliza hivyohivyo, kwenye korido ya hospitali, chupa ya dawa ikiwa mfukoni, na akakosa wa kumjibu. Badala yake alisogea, akapiga magoti kwenye mkeka.

"Alilala tu, mama," alisema. "Hakuumia. Usingizi ulimchukua polepole. Na kulikuwa na mtu karibu, amemshika mkono."

Mbuke alisubiri mpaka alipomaliza. Hakukasirika. Alimtazama mwalimu kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto anayedanganya.

"Siku ile uliponisomea," alisema, "aliita."

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli yenye gunia. Mwalimu alitafuta uongo mwingine, akatafuta tena, hakuupata.

"Ndiyo," alisema. "Aliita."

"Ulisema aliita kila mmoja kwa jina. Ananyamaza, anasikiliza."

"Ndiyo."

Mbuke alishika pindo la kanga yake, akalikunja, akalikunjua.

"Na mimi aliniita?"

"Ndiyo, mama Lusesa," alisema Telesphori. "Alianza na wewe."