Ua wa Hilaire

"Mama Odile, bwana yako iko wapi siku hizi?"

Mwanahamisi, jirani yake, hakuuliza kwa dhihaka. Yabolema nzima ilijua kwamba Wenceslas alizikwa nyuma ya jiko la mkewe. Lakini jiko lilikuwa limebomolewa, na pale sasa imepita barabara nyekundu, imenyooka kama kamba ya fundi.

Yabolema kilikuwa kijiji kabla Kisangani haijafika huko. Wafu wao hawakujengewa saruji. Walipandiwa ile miti ya majani marefu ambayo hata ukiikata haifi, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Mzungu wa kupima ardhi alipokuja kukigeuza kijiji kuwa kartie, yaani mtaa wa mji, aliiona miti imejipanga akauliza ni ya nini. Mfasiri wake alikuwa Hilaire, mdogo wa marehemu. Odile alikuwepo, ungo mkononi. Kifaransa hakukijua, akadhani shemeji anawasemea wafu. Kumbe alisema ni mpaka wa shamba tu. Mzungu akapitisha barabara papo hapo, na kiwanja cha Hilaire kikawa cha pembeni, mahali pazuri pa duka.

Odile alimwomba Mungu ampe moyo mpole, kisha akaenda. Alimkuta Hilaire kwenye baraza ya nyumba yake mpya ya matofali.

"Karibu, shemeki! Leo umekumbuka masikini?"

"Papa Hilaire, twende kwa Mzungu. Sema pale kuna mutu. Tuchimbe, tumupeleke makaburi ya misioni. Bila ndugu yake, hakuna mwenye kugusa mifupa. Wewe unajua."

Hilaire akacheka kidogo, akampa kikombe cha chai.

"Bon. Nikisema nilidanganya, hii nyumba itabaki ya nani? Wenceslas iko mbinguni, wewe mwenyewe unaimba hivyo kila siku ya Mungu."

Macho ya Odile yalikuwa kwenye ua. Vigingi vilivyozunguka duka la Hilaire vilikuwa vimechipua majani marefu.

"Hii miti umetoa wapi?"

"Walitupa kando ya barabara. Nikaokota, nikajenga ua."

"Ile ya kona ilikuwa kichwani kwa kaka yako."

Hilaire akaitazama, akainua mabega.

"Muti ni muti, shemeki. Ukitaka, kata moja, upande kwako."

Odile akakirudisha kikombe mezani, kingali kimejaa. Akajifunga kitambaa vizuri, akapita kando ya ua bila kugusa jani, akatoka.